Degedege, kingamwili na damu ya watoto wa Korogwe

Mama aliyelea watoto bondeni Korogwe au vijijini Handeni amewahi kuliona jambo hili. Watoto wawili wanalala chumba kimoja, wanaumwa na mbu walewale wa malaria. Usiku mmoja, mmoja wao anashikwa na degedege na kukimbizwa hospitali. Mwenzake anaamka na joto kidogo, anakunywa uji, anatoka kucheza. Zamani wazee walisema mengi juu ya degedege, hata kumtaja ndege au shetani. Leo sehemu kubwa ya jibu inatafutwa ndani ya damu ya watoto hao wawili.

Miongoni mwa walioitafuta kwa miaka mingi ni Dk. John Lusingu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kwenye maabara ya taasisi hiyo mjini Korogwe, akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Mkoa wa Tanga, ilipo Korogwe, unafaa mno kwa swali hili, maana kutoka tambarare za Muheza na Korogwe hadi vilele vya Usambara ni mwendo mfupi, lakini mbu hupungua kadiri unavyopanda. Mbu wanapouma mara kwa mara, malaria huwalemea watoto wadogo, na wakubwa husalimika. Wanapouma kwa nadra, hata kijana mkubwa huweza kulazwa. Kinga ya malaria hujengwa polepole, kwa kuugua.

Inachukua muda kwa sababu kimelea ni mjanja. Kikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu hutuma juu ya ngozi ya chembe hiyo protini inayoinasisha kwenye kuta za mishipa midogo, isipite bandamani ikateketezwa. Mwili hujibu: chembe nyeupe za aina ya B hutengeneza kingamwili zinazoikamata protini hiyo, na chembe nyingine huja kumeza kilichokamatwa. Lakini kimelea kimoja kina jeni takriban 60 za protini za namna hiyo, na hubadilisha moja kwa nyingine kama mwizi anayebadili koti kila anapotambuliwa. Mtoto hana budi kuyajua makoti hayo, moja baada ya jingine.

Habari njema ni kwamba makoti yote hayana hatari sawa. Mwaka 2013 watafiti wa Copenhagen na wenzao, Lusingu akiwemo, walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyotokana na damu ya watoto wa Tanzania. Waligundua kuwa aina za protini zinazohusishwa na malaria kali hung'ang'ania kipokezi kiitwacho EPCR, kilicho kwenye kuta za mishipa, ambacho kazi yake ya kawaida ni kusaidia kuzuia damu isigande ovyo na mishipa isivimbe. Kimelea kikikishika, ulinzi huo hudhoofika. Kwangu mimi hii ni hatua kubwa kuliko inavyosimuliwa, kwa kuwa inaonyesha ni kingamwili zipi mtoto anazihitaji mapema ili asife.

Korogwe ilishiriki pia kwenye jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza mwaka 2009: vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, watoto 15,459, Tanzania ikiwakilishwa na Korogwe na Bagamoyo. Chanjo hiyo humfundisha mtoto kutengeneza kingamwili dhidi ya kimelea kabla hakijafika kwenye ini. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, matukio ya malaria yalipungua kwa takriban asilimia 36. Wapo walioibeza takwimu hiyo. Siwaungi mkono, kwa sababu katika kijiji ambako mtoto huugua mara kadhaa kwa mwaka, theluthi ni usiku mwingi wa mama bila hofu. Shirika la Afya Duniani liliipitisha chanjo hiyo Oktoba 2021. Udhaifu wake unajulikana: kingamwili hizo hushuka baada ya miezi, ndiyo sababu ya dozi ya nne.

Hapo ndipo swali la sasa lilipo: kinga hudumu kwa muda gani malaria inapopungua? Katika kijiji cha Mkokola, Korogwe, waliokutwa na vimelea walishuka kutoka takriban asilimia 78 mwaka 2003 hadi 13 mwaka 2008. Kule Kwamasimba, kwenye mwinuko, walitoka karibu asilimia 25 hadi 3. Ni furaha kwa kila mzazi. Lakini mtoto asiyeumwa na mbu hajengi kinga aliyokuwa nayo kaka yake, na chandarua kikichakaa bila kubadilishwa au mbu wakizoea dawa, malaria humkuta akiwa na umri mkubwa na damu isiyo na kumbukumbu ya adui. Kwa hiyo maabara inahitaji kuendelea kupima damu hata katika vijiji ambako wagonjwa wamepungua, ikiangalia ni chembe B ngapi bado zinakumbuka na kwa muda gani. Na wazazi waliokubali kidole cha mtoto kichomwe, mwaka baada ya mwaka, warudishiwe majibu ya utafiti huo kwenye mkutano wa kijiji, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kuombwa damu tena.