Waliotangulia: Rekodi za Serikali za Mitaa Katika Kukabili Tabianchi

Mikutano ya kimataifa hupitisha maazimio, lakini kuzoa taka, kupanga njia za mabasi na kutoa vibali vya ujenzi ni kazi ya serikali za mitaa. Hizi ni sita zilizotia fora, mojawapo kwa kukwama.

Tangazo la kwanza: Darebin, Australia
Desemba 2016, halmashauri hii ya Melbourne ilikuwa ya kwanza duniani kutangaza dharura ya tabianchi. Serikali zaidi ya 2,000 zimeifuata. Kutangaza hakuna gharama. Pengine ndiyo maana rekodi hii imeigwa upesi hivyo.

Bajeti ya kwanza: Oslo, Norwei
Tangu bajeti ya 2017, jiji hili huhesabu hewa ukaa kama linavyohesabu fedha. Hatua huandikiwa kiasi cha hewa inachotarajiwa kupunguza na idara inayowajibika. Idara ikizembea, hesabu itaiumbua.

Mabasi ya umeme: Shenzhen, China
Kufikia mwisho wa 2017 mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme. Hakuna jiji kubwa lililokuwa limefika hapo. Ruzuku za serikali zilipunguza makali ya bei, na BYD, kampuni inayounda magari hayo, ina makao yake mumo humo.

Utenganishaji wa taka: Kamikatsu, Japani
Katika mji huu wa watu wasiozidi 1,500, lori la taka halipiti mlangoni. Mkazi hubeba taka zake hadi kituoni na kuzitenga katika makundi zaidi ya 40. Mabaki ya jikoni hugeuzwa mbolea nyumbani. Mwaka 2003 mji huu ulikuwa wa kwanza nchini humo kuazimia kutobakiza taka kabisa. Azimio halijatimia, ila takriban asilimia 80 ya taka hurejelezwa.

Ahadi iliyokwama: Copenhagen, Denmark
Jiji liliahidi mwaka 2009 kuwa mji mkuu wa kwanza duniani usioongeza hewa ukaa, ifikapo 2025. Mwaka 2022 likakiri halitafika. Mtambo wake wa kuchoma taka, ule wenye mteremko wa kuteleza kwa ski juu ya paa, ulikosa fedha za serikali kuu za kunasa hewa yake.

Mfuko wa kwanza Kenya: Makueni
Kaunti ya Makueni haikungoja fedha za serikali kuu. Kanuni zake za 2015 zilitenga angalau asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa mfuko wa tabianchi, kabla ya kaunti nyingine yoyote nchini. Kamati za wadi ndizo hupendekeza miradi, na katika ukame wa Ukambani wananchi huanza na maji. Asilimia 1 ni kidogo, lakini gavana ajaye ataikuta kwenye kanuni.