Kununua Pikipiki ya Theluji Iliyotumika

Pikipiki ya theluji iliyoundwa kwa ajili ya milima mirefu, kama ile ya Rocky nchini Marekani, huwa na mkanda mrefu, mara nyingi zaidi ya mita 3.6, wenye meno marefu ya kushika theluji laini. Thamani yake kubwa, hata hivyo, imo katika injini.

Tunamshauri mnunuzi afike kabla injini haijawashwa. Akiikuta ina moto, aulize sababu, kwani injini mbovu huwaka kwa shida ikiwa baridi. Kisha ipimwe mgandamizo katika kila silinda. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, huenda pistoni au ringi zimelika. Kipimo hiki ni cha dakika chache. Muuzaji anayekikataa amekwisha kujibu.

Namba ya chasisi ilinganishwe na hati ya umiliki kabla ya malipo. Chombo kilichowekwa dhamana ya mkopo chaweza kutwaliwa na mkopeshaji, hata kama mnunuzi hakujua.

Kuhusu maboresho, wengi huanza na ekzosi yenye mngurumo, ambayo yaweza kuvunja sheria za kelele. Tunaona heri kuanza na klachi. Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo klachi iliyorekebishwa kwa ajili ya bondeni haifai juu mlimani.

Kabla ya urembo wowote, kila mpandaji awe na kifaa cha kutoa ishara, ufito wa kutafutia na koleo, endapo theluji itaporomoka.