Kosa Lenye Jina: Funzo Kutoka Mita ya Umeme

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo la taaluma ya kompyuta linalomhusu pia mwalimu wa lugha: namna makosa yanavyopewa aina katika lugha za programu, na namna aina hizo zinavyojaribiwa. Mfano wetu ni mita ya Cash Power, ambayo wakazi wa Kamembe na kwingineko Rusizi huiingizia tarakimu 20 ili wapate umeme.

Ndani ya mita hiyo mna kompyuta ndogo inayofanya kazi peke yake, bila fundi kando yake. Inapokataa tarakimu, yafaa ijue imezikataa kwa nini. Kiwango cha kimataifa cha mita hizi, IEC 62055-41, hutenganisha sababu: namba si halali, namba imekwisha kutumika, au namba imepitwa na wakati. Kila sababu ina dawa yake. Aliyekosea tarakimu aandike upya. Aliyerudia namba ya jana atafute risiti ya leo. Mita ikisema "kosa" tu, mtu ataandika upya hadi usiku, naye yu gizani.

Haya si ya kufikirika. Namba za umeme zilikuwa zikibeba hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, nayo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Hesabu ikianza tena kwenye sifuri, mita huona namba iliyonunuliwa leo kuwa ni ya zamani. Ndiyo maana wateja wa Kenya na Tanzania, miongoni mwa wengine, walipewa namba za ziada za kuingiza kwanza ili mita zao zirekebishwe.

Je, lugha za programu husaidiaje? Katika lugha kama Rust na Zig, zinazotumika pia katika vifaa vidogo vya namna hii, kazi inayoweza kushindwa hutangaza hivyo waziwazi, na kosa huwa na aina yake. Tunaweza kulinganisha na upatanisho wa ngeli. Mwalimu akiona "kitabu nzuri" husahihisha kabla daftari halijarudi; vivyo hivyo, katika Zig, programu inayopuuza kosa hukataliwa kabla haijaanza kufanya kazi.

Hata hivyo, aina peke yake haitoshi, sharti ijaribiwe. Mjaribu huleta kosa kwa makusudi. Huingiza namba ileile mara mbili: mara ya kwanza ikubaliwe, mara ya pili jibu liwe "imekwisha kutumika". Kisha hubadilisha tarakimu moja na kudai jibu la "si halali". Mita ikikataa kwa sababu nyingine, jaribio limeshindwa, ingawa umeme haukutoka. Kukataa kwa sababu isiyo yake ni kosa jingine.

Hapa ndipo funzo letu lilipo. Mwanafunzi anayerudishiwa insha yenye alama nyekundu tupu ni kama mwenye mita iliyoandika "kosa" tu. Je, amekosea upatanisho, tahajia, au ameathiriwa na Kinyarwanda? Tunawashauri walimu wenzetu waandike jina la kosa pambizoni, na mazoezi yao yapime kila aina ya kosa peke yake. Kosa likijulikana jina, dawa yake haiwi mbali.