24 Oktoba, siku yenye historia mpakani Tunduma

Kila mwaka tarehe 24 Oktoba, Nakonde, upande wa Zambia, huwa na sikukuu ya taifa. Hatua chache upande wa pili wa mpaka, Tunduma huamkia kazini kama kawaida. Hata hivyo, tarehe hiyo si ya Wazambia peke yao. Imeugusa mpaka huu mara kadhaa, na mara ya kwanza hakuna aliyekuwa akiifikiria Tunduma.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulianza kutumika tarehe 24 Oktoba 1945. Mwaka uliofuata Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa umoja huo, Uingereza ikiwa msimamizi, lakini ng'ambo ya mpaka Rhodesia Kaskazini ilibaki katika himaya ya Waingereza. Wanyamwanga, ambao ni ndugu wa pande zote mbili, walitawaliwa na Mwingereza yuleyule, ila wa Tanganyika walikuwa na mahali pa kumshtaki. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York kudai haki ya nchi yake. Uhuru ulifika Tunduma tarehe 9 Desemba 1961.

Nakonde ilisubiri karibu miaka mitatu zaidi. Usiku wa kuamkia 24 Oktoba 1964, bendera ya Uingereza ilishushwa Lusaka, na Kenneth Kaunda akawa rais wa kwanza wa Zambia. Siku hiyohiyo Michezo ya Olimpiki ilikuwa inafungwa Tokyo. Wanamichezo walioingia uwanjani tarehe 10 Oktoba kwa jina la Rhodesia Kaskazini walishiriki sherehe za kufunga wakiwa Wazambia, chini ya bendera mpya. Hakuna nchi nyingine iliyowahi kuanza Olimpiki ikiwa koloni na kuimaliza ikiwa huru.

Uhuru huo ulikuwa na tatizo moja kubwa: Zambia haina bahari. Shaba yake ilisafirishwa kwa reli kupitia kusini, na tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, nchi jirani ya kusini, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Njia ya kusini ikawa mikononi mwa maadui. Mafuta na bidhaa nyingine zikaanza kupita Tunduma kwa malori, katika barabara ya vumbi iliyogeuka matope wakati wa masika na kuua madereva wengi.

Dawa ilikuwa reli mpya ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam, lakini nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa kuigharimia, zikidai haitalipa. China ilikubali, na Septemba 1967 mkataba ukasainiwa Beijing kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza 1970. Maelfu ya Wachina, Watanzania na Wazambia walipasua milima na kujenga madaraja, na mwaka 1973 reli ikafika Tunduma, baada ya kupita Mlowo na Vwawa. Urefu wake wote, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860.

Treni za mwanzo zilianza safari tarehe 24 Oktoba 1975, Zambia ilipotimiza miaka 11 ya uhuru. Ni vigumu kuamini kwamba siku hiyo iliangukia hapo kwa bahati tu. Makabidhiano rasmi yalifuata Julai 1976.

 

Aliyekuwa na miaka 20 treni ya kwanza ilipopita Vwawa sasa amevuka 70. Walimu wa historia mkoani Songwe wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao, wakiwa na daftari na kalamu, kabla ya Oktoba ijayo.