Kadi za mkopo Marekani: Fedha hurudi kwa anayelipa deni lote

MNUNUZI anayelipia chakula cha dola 100 katika supamaketi ya Marekani anaweza kurudishiwa dola sita, dola mbili, dola moja au asipate kitu kabisa. Bidhaa ni zile zile, bei ni ile ile na foleni ni moja. Tofauti ni kadi aliyoitoa mfukoni.

Utaratibu huu wa kurudishiwa sehemu ya fedha, ambao wengi huuita keshibaki, ni jambo la kawaida nchini humo. Watanzania, Wakenya na Waganda wanaokwenda kusoma au kufanya kazi huko hukutana nao mapema, kwani barua za benki zenye matangazo ya kadi huwafuata hadi mlangoni. Wengi waliondoka nyumbani wakiwa wamezoea kadi ya ATM, ambayo hukata fedha zilizomo kwenye akaunti. Kadi ya mkopo ni kitu kingine. Benki hulipa kwanza, mwenye kadi hulipa baadaye, na hapo katikati ndipo faida na hasara zinapozaliwa.

Fedha zinatoka wapi

Marejesho haya si zawadi ya benki. Kila kadi ya mkopo inapotumika, mwenye duka hukatwa ada ambayo kwa kawaida ni kiasi cha asilimia mbili ya bei au zaidi kidogo. Sehemu kubwa ya ada hiyo huenda kwa benki iliyotoa kadi, nayo humrudishia mteja fungu lake ili asiiache kadi hiyo na kuchukua ya benki nyingine. Mwenye duka naye huijumlisha ada katika bei za bidhaa, kwa hiyo hata anayelipa taslimu huichangia bila kujua.

Kadi ya Discover ndiyo iliyoufanya utaratibu huu ujulikane. Ilianzishwa na kampuni ya maduka ya Sears na kutangazwa nchi nzima mwaka 1986, ikiwa haina ada ya mwaka na ikimrudishia mteja sehemu ya matumizi yake. Washindani walilazimika kufuata.

Barani Ulaya hali ni tofauti. Tangu Desemba 2015, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa ada inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi ya mkopo. Kwa kuwa benki za huko hupata kidogo, nazo hurudisha kidogo.

Aina tatu za kadi

Aina ya kwanza ni kadi ya kiwango kimoja. Citi Double Cash, iliyoanza mwaka 2014, hutoa asilimia moja wakati wa kununua na nyingine moja wakati wa kulipa deni, jumla asilimia mbili kwa kila bidhaa. Inamfaa asiyependa kupiga hesabu kila anapofika kaunta.

Aina ya pili ni kadi inayobadilisha mafungu kila robo mwaka. Discover it na Chase Freedom Flex hutoa asilimia tano kwa mafungu yaliyotangazwa, kwa mfano mafuta ya gari miezi mitatu hii na migahawa miezi mitatu ijayo. Kikomo ni manunuzi ya dola 1,500 kwa robo, yaani marejesho ya dola 75. Zaidi ya hapo ni asilimia moja. Mteja asipolisajili fungu hilo kila robo, hapati asilimia tano, hata kama amenunua sana.

Aina ya tatu ni kadi yenye fungu la kudumu. Blue Cash Preferred ya American Express hutoa asilimia sita katika supamaketi za Marekani kwa dola 6,000 za kwanza kila mwaka, na asilimia tatu kwa mafuta ya gari. Ada yake ni dola 95 kwa mwaka, ingawa mwaka wa kwanza mteja mpya mara nyingi husamehewa. Ndugu yake, Blue Cash Everyday, haina ada lakini hutoa asilimia tatu katika supamaketi.

Hesabu ya familia moja

Chukua mfano wa familia inayotumia dola 500 kwa mwezi katika supamaketi, dola 150 kwa mafuta ya gari na dola 350 kwa mambo mengine. Kwa mwaka ni dola 12,000.

Ikitumia kadi ya asilimia mbili kwa kila kitu, itarudishiwa dola 240. Ikitumia kadi ya asilimia sita kwa chakula itapata dola 360, na kwa mafuta dola 54. Ile ya asilimia mbili ikitumika kwa mengineyo itatoa dola 84. Jumla ni dola 498. Ukitoa ada ya dola 95, zinabaki dola 403. Familia imeongeza dola 163 kwa kujua tu kadi ipi itolewe wapi.

Lakini kadi yenye ada haimfai kila mtu. Tofauti ya asilimia sita na tatu ni asilimia tatu, na ili asilimia hizo tatu zizae dola 95, ni lazima familia inunue chakula cha takribani dola 3,170 kwa mwaka, sawa na dola 61 kwa wiki. Mwanafunzi anayeishi peke yake na kula chuoni hafiki huko. Kwake yeye kadi isiyo na ada ndiyo yenye faida.

Si kila duka la chakula ni supamaketi

Mashine ya kadi haioni kilichomo kwenye kikapu. Inachosoma ni namba ya tarakimu nne inayoonyesha aina ya biashara ya duka. Supamaketi nyingi zina namba 5411. Mtu akinunua mchele na nyama katika duka kubwa la mchanganyiko kama Walmart au Target, kadi ya asilimia sita humpa asilimia moja tu, kwani masharti yake hayayahesabu maduka hayo kuwa supamaketi.

Baadhi ya maduka hayo yana kadi zao wenyewe. Kadi ya Target, ambayo kwa miaka mingi iliitwa RedCard na mwaka 2024 ikapewa jina la Target Circle Card, hupunguza asilimia tano pale pale kaunta. Mteja hasubiri marejesho.

Costco, duka la wanachama linalouza bidhaa kwa mafungu makubwa, hupokea kadi za mkopo za Visa pekee katika maduka yake ya Marekani tangu Juni 2016. Anayefika kaunta na American Express itabidi atafute njia nyingine ya kulipa. Kadi ya Costco inayotolewa na Citi hutoa asilimia mbili kwa bidhaa za Costco, lakini marejesho huja mara moja kwa mwaka yakiwa hati ya kutumia dukani humo, na hati hiyo ina siku ya mwisho.

Vituo vingi vya mafuta navyo huweka bei mbili, ya taslimu na ya kadi. Iwapo galoni ni dola 3.10 kwa taslimu na dola 3.20 kwa kadi ya mkopo, anayelipa kwa kadi ya asilimia tatu anarudishiwa senti kama tisa na nusu, huku ameshaongeza senti kumi. Hapo kadi imeshindwa.

Kuunganisha faida mbili

Wanaonunua kupitia intaneti wanaweza kupata marejesho mara mbili. Zipo tovuti zinazolipwa kamisheni na maduka kwa kuwaletea wateja, nazo humgawia mnunuzi sehemu ya kamisheni hiyo. Inayojulikana zaidi ni Rakuten, iliyoanza mwaka 1998 kwa jina la Ebates kabla ya kununuliwa na kampuni ya Rakuten ya Japani mwaka 2014. Tovuti ikitoa asilimia nne na kadi ikatoa asilimia mbili, viatu vya dola 200 vitarudisha dola 12.

Sharti ni kuanzia kwenye tovuti hiyo kila mara kabla ya kwenda dukani. Anayekwenda moja kwa moja kwenye tovuti ya duka amejinyima mwenyewe.

Aidha, benki huweka ofa za maduka maalumu ndani ya akaunti ya mteja. Nazo hazifanyi kazi mpaka mteja azibonyeze kuzikubali. Bidhaa ikirudishwa dukani, marejesho yake hufutwa.

Deni linavyokula faida

Hesabu zote hizo zina sharti moja, nalo ni kulipa deni lote kila mwezi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inazitaka benki zipeleke taarifa ya deni angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho ya kulipa. Anayelipa salio lote la taarifa hiyo kwa wakati hatozwi riba hata senti moja kwa manunuzi yake.

Anayelipa kiasi kidogo kilichoandikwa kuwa cha chini kabisa huepuka faini ya kuchelewa, lakini riba huanza kukimbia. Wastani wa riba za kadi za mkopo nchini humo umekuwa juu ya asilimia 20 tangu mwaka 2023. Familia ile iliyopata dola 403 ikibaki na deni la dola 2,000 mwaka mzima kwa riba ya asilimia 21, italipa takribani dola 420. Kazi yote ya kuchagua kadi na kuhesabu mafungu imeliwa, na bado inadaiwa. Zaidi ya hapo, anayebakiza deni kwa kawaida hupoteza siku za bila riba hata kwa manunuzi mapya.

Utafiti wa wachumi, wakiwemo wa Benki Kuu ya Marekani, uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kuwa marejesho na zawadi za kadi huhamisha dola bilioni 15 kila mwaka kutoka maeneo ya watu wenye kipato na elimu ndogo kwenda kwa wenye kipato na elimu kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, fedha anazorudishiwa anayelipa deni lote, kwa kiasi fulani zimetoka kwa yule anayelipa riba.

Tahadhari ya kutuma fedha nyumbani

Wahamiaji wengi hujikwaa wanapotuma fedha kwa wazazi. Benki nyingi huhesabu malipo ya kutuma fedha kwa kadi ya mkopo kuwa ni kuchukua taslimu. Hakuna marejesho, ada mara nyingi ni asilimia tano, na riba huanza siku hiyo hiyo. Anayetuma dola 300 anaweza kukatwa dola 15 na benki yake, mbali na ada ya kampuni inayotuma.

Kishawishi kimeongezeka kwa sababu sheria iliyopitishwa Julai 2025 imeweka kodi ya asilimia moja kwa fedha zinazotumwa nje kuanzia Januari 1, 2026. Kodi hiyo inawahusu wanaolipa kwa taslimu au hundi za aina fulani. Wanaolipa kwa kadi zilizotolewa Marekani wameachwa nje. Lakini kadi ya kawaida ya akaunti, inayokata fedha zilizopo, nayo imesamehewa. Hakuna haja ya kukwepa dola tatu kwa kulipa 15.

Pa kuanzia

Aliyefika karibuni na asiye na historia ya mikopo anaweza kuanza na kadi ya dhamana, ambayo huombwa kwa kuweka amana benki, mara nyingi dola 200. Discover it Secured ni mojawapo, na hutoa asilimia mbili kwa mafuta na migahawa hadi kikomo cha dola 1,000 kwa robo mwaka. Akilipa vizuri kwa miezi kadhaa, hujijengea jina na hatimaye hurudishiwa amana yake.

Mwenye biashara ndogo anayenunua vifaa kwa kadi aweke kumbukumbu. Mamlaka ya kodi ya Marekani kwa kawaida huyachukulia marejesho ya manunuzi kuwa punguzo la bei na si mapato. Hivyo gharama ya kuandika kwenye hesabu ni ile iliyobaki baada ya marejesho.

Hatua ya kwanza siku kadi inapofika ni kuiagiza benki ikate salio lote la taarifa kila mwezi kutoka kwenye akaunti, na kuhakikisha fedha zipo. Ya pili ni kununua tu kile ambacho kingenunuliwa hata bila kadi, kwani anayenunua koti la dola 100 asilolihitaji ili arudishiwe dola tano ametumia dola 95. Kuhusu mafungu, vikomo na ofa, hayo yanaweza kusubiri mwezi wa pili. Dawa ya deni ni kulipa, na kwa kadi ya mkopo dawa hiyo ndiyo yenye faida pia.