Mgonjwa wa Figo na Chungu cha Familia

Katika familia zetu hapa Bujora mgonjwa hupokewa kwa uji. Huo ni upendo. Lakini kwa yule ambaye figo zimeshindwa kazi, anayekwenda Bugando kusafishwa damu kwa mashine, kikombe hicho lazima kihesabiwe.

Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana. Mashine hufanya kazi saa nne hivi, kwa kawaida mara tatu kwa juma. Katikati, maji hubaki mwilini: miguu huvimba, presha hupanda, mapafu hujaa. Anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hukaa siku mbili bila mashine mwisho wa juma, na hapo ndipo hatari inapozidi, hasa Jumapili yenye wageni, au Bulabo nyumba zikijaa ndugu.

Wengi huruhusiwa nusu lita kwa siku, kuongeza kiasi cha mkojo wa jana. Kipimo chake atapewa na daktari. Jazeni maji hayo katika chupa asubuhi. Kila anapokunywa chai, uji, mchuzi au maziwa, mwageni kiasi kilekile kutoka chupani. Chupa ikiisha, basi.

Ila kumkataza mtu maji huku chakula kina chumvi ni kumtesa bure. Chumvi ndiyo iletayo kiu. Ipunguzeni katika chungu cha wote (baba mwenye presha naye atafaidika), na magadi kwenye mlenda yaacheni kabisa. Ndimu kidogo na kitunguu saumu vitaleta ladha.

Kuna pia madini ya potasiamu. Yakizidi, moyo waweza kusimama ghafla. Viazi vitamu na mihogo imenyeni, katakateni vipande vidogo, chemsheni kwa maji mengi, yamwageni, kisha chemsheni tena kwa maji mapya. Michembe na matobolwa havimfai: maji yamekauka, madini yamebaki. Ndizi mbivu, parachichi na maji ya machungwa asile wala kunywa bila ruhusa.

Wengine, kwa hofu, humnyima hata samaki. Hapo sisi wauguzi hatukubaliani nao. Mashine huondoa protini pia, kwa hiyo anahitaji kipande cha sato au yai kila siku. Dagaa wanaoliwa na mifupa wana fosforasi nyingi; hao waleni ninyi.

Akilegea viungo, moyo ukienda ovyo, au akishindwa kupumua akilala chali, msisubiri zamu yake. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.