Je, Wajua? Meli Yenye Reli Tumboni

Siku MV Umoja inapopakia pale Bandari ya Mwanza Kusini, utaona kichwa cha treni kikisukuma mabehewa kuelekea ziwani, utadhani dereva amesahau kuwa nchi kavu imekwisha. Hajasahau. Reli ya bandarini inaendelea hadi ndani ya meli, na behewa lililopakiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 huko nyuma, linaingia na mzigo wake bila gunia hata moja kushushwa. Kule Port Bell, Uganda, linavutwa nje na kurudi relini.

Umoja hubeba karibu mabehewa 20. Iliundwa miaka ya 1960 na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, pamoja na pacha wake, Uhuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uhuru ikabaki Kenya, Umoja ikaja kwetu Tanzania. Kwa talaka ile, jina lenyewe lilikuwa kejeli kidogo.

Thamani yake wanaijua zaidi wanaokokotoa safari za mizigo. Kwao nchi ni nukta na mistari: Dar, Tabora, Isaka, Mwanza, Port Bell, na kila mstari una bei yake na saa zake. Mwaka 1959 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha kanuni ya kutafuta njia fupi kuliko zote baina ya nukta mbili. Kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua. Ugumu uko kwingine. Kwenye ramani Mwanza ni nukta moja, lakini kwenye hesabu hii ziko Mwanza tatu: ya reli, ya barabara na ya ziwa. Kutoka moja hadi nyingine ni hatua chache tu, na hapo ndipo pesa inapoliwa: makuli, kreni, magunia yaliyopasuka, ghala, siku za kungoja meli. Ndiyo maana lori, pamoja na kunywa mafuta kwa pupa, mara nyingi hushinda. Halishushi kitu njiani.

Umoja inaifuta karibu gharama yote hiyo, isipokuwa ya kungoja.

Sasa reli ya kisasa, SGR, inajengwa kati ya Isaka na Mwanza. Upana wake ni milimita 1,435. Reli zilizomo ndani ya Umoja ni za milimita 1,000, sawa na za Uganda. Behewa la SGR haliingii humo. Wakokotoaji itabidi waongeze Mwanza ya nne, na kreni irudi kazini.